Kikohozi cha mtoto hakiishi: kukata kimeo, kungoja au kutafuta chanzo?

Kikohozi cha mtoto kikishavuka wiki ya pili, ushauri wa nyumbani mara nyingi huwa mmoja: kimeo kimeshuka, mpelekeni akakatwe. Bibi atasema, jirani atasema, na fundi anayetajwa huwa hayuko mbali. Upande wa pili yuko mhudumu wa zahanati ambaye akisikia tu neno kimeo anakemea, bila kueleza sababu. Mzazi anabaki katikati na mtoto mgongoni.

Hapa naziweka njia hizo mbili ubavu kwa ubavu, pamoja na ya tatu ambayo watu hawaihesabu kuwa njia, yaani kungoja kwa mpango. Niseme mapema ninaposimama: sishauri kukata. Lakini sitaki ukubali kwa kuwa tu hospitali imesema. Ugonjwa huu unaoitwa kimeo una historia ndefu kuliko hospitali zetu zote, na sababu nzito za kutokata zilishaandikwa zamani na watu ambao wao wenyewe walikuwa wakikata.

Wazee wa tiba walisemaje

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, mwisho wa kaakaa laini. Kila binadamu anacho. Mtoto akifungua kinywa na kulia, ndicho kitu cha kwanza unachokiona, na koo likiwa na uvimbe chenyewe huwa chekundu na kinene. Si ajabu basi kwamba watu wa nchi nyingi, kwa nyakati tofauti, walikitazama na kusema: mchawi wetu huyu hapa. Kikirefuka kinagusa ulimi na koo, kinaleta kikohozi, kichefuchefu na kutapika, mtoto anashindwa kula na anakonda. Maelezo hayo unayoyasikia Dodoma au Tanga yalisikika pia Ugiriki ya kale.

Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na tabibu Hippocrates, ya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, yanazungumzia kimeo katika sehemu inayohusu dalili za hatari. Yanaonya kwamba kukikata au kukichanja kikiwa chekundu na kimevimba ni hatari, kwa sababu huleta uvimbe zaidi na kuvuja damu. Wakati huo tabibu atafute namna nyingine ya kukipunguza. Kukata kuliruhusiwa katika hali moja mahususi: ncha ikiwa imenenepa na kubadilika rangi kuwa ya samawati iliyoiva, huku sehemu ya juu ikiwa nyembamba. Yaani kile kimeo chekundu cha mtoto anayekohoa, ambacho leo ndicho kinachokatwa, Wagiriki walisema kisiguswe.

Mroma Celsus, mwandishi wa vitabu vya tiba wa karne ya kwanza, alirudia onyo hilohilo: chekundu na chenye maumivu kisikatwe, kitatoa damu. Tabibu Galen, aliyezaliwa Pergamon na kufanya kazi Roma katika karne ya pili, alikwenda mbali zaidi na kuuliza kimeo kiko pale kwa kazi gani. Jibu lake lilikuwa kwamba kinasaidia sauti, na kinapunguza makali ya baridi na vumbi la hewa kabla havijafika kifuani. Aliandika kwamba waliokatwa mpaka shinani waliharibika sauti, na kwamba wengine walikufa kwa kifua kupatwa na baridi. Maelezo yake ya baridi sisi leo hatuyafuati. Lakini alichokiona, kwamba waliokatwa kimeo kizima waliumwa na wengine kufa, ni ushahidi wa tabibu aliyekuwa na wagonjwa mbele yake.

Anayenigusa zaidi ni al-Zahrawi, daktari mpasuaji wa Kiislamu aliyeishi karibu na Córdoba, Andalusia, na kufariki yapata mwaka 1013. Kitabu chake kikubwa, al-Tasrif, kina juzuu 30, na ya mwisho inahusu upasuaji, ikiwa na michoro ya vyombo. Kimeo kina sura yake humo. Anaanza na dawa. Dawa zikishindwa, anamtaka tabibu akiangalie kimeo kwa makini. Kikiwa kifupi, cha mviringo na kimepiga weusi, usikikaribie kwa chuma. Kikiwa kirefu na cheupe, kata, lakini ukate kile tu kilichozidi urefu wake wa asili, kwa maana ukipunguza zaidi utaharibu sauti na matamshi ya mgonjwa. Kisha anaeleza namna ya kuzuia damu.

Sidhani kama ni kwa bahati kwamba mtu wa tamaduni ya Kiarabu alilihofia tamko. Waliopita madrasa na kusoma tajwidi, yaani kanuni za kutamka Kurani, wanajua kwamba qaf na kaf huitwa herufi za lahawi, kwa jina la kimeo chenyewe, kwa kuwa hutamkwa kwenye shina la ulimi karibu nacho.

Basi hata waliokata, walikata kwa kusita. Walikuwa na masharti ya rangi, ya umbo, ya kiasi na ya wakati. Wasiwasi huo ulikuja kupotea baadaye, na haukupotea Afrika peke yake. London mwaka 1841, daktari James Yearsley alikuwa akikata vimeo na tonsili za watu akiamini anatibu kigugumizi. Mwaka uleule, daktari mpasuaji Dieffenbach wa Berlin alikuwa akikata ulimi kwa sababu hiyohiyo. Wagonjwa wengine walisema wamepona, sifa zikaenea, na baada ya muda kigugumizi kilikuwa kimewarudia na upasuaji ule ukaachwa kwa aibu. Kwa hiyo anayesema kukata kimeo ni ujinga wa watu weusi hajui historia. Limekuwa kosa la kibinadamu, nao madaktari wenye vyeti walikuwamo.

Kwetu bara la Afrika, kukata kimeo kumeandikwa Tanzania, Ethiopia, Niger, Chad na kwingineko. Kwa Wahausa, kinyozi wa jadi, wanzami, hukata kimeo cha mtoto mchanga siku ya saba hata kama haumwi, kama kinga. Tanzania desturi ni tofauti: hapa kimeo hukatwa mtu akiugua, zaidi kwa kikohozi kisichoisha, kutapika na mtoto kutoongezeka uzito.

Ugonjwa uko wapi?

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana, na mengine yote yanafuata.

Mkata kimeo anasema ugonjwa uko kwenye kimeo. Kiondoe, kikohozi kitaondoka. Hospitali inasema kimeo kilichovimba mara nyingi ni matokeo: kikohozi na kutapika ndivyo vinavyokiumiza, na chanzo kiko penginepo, puani, kwenye mirija ya hewa, mapafuni au tumboni. Anayengoja anasema ni mafua, yatapita.

Nani yuko sahihi? Chukua dalili ambayo wazee huitaja kuliko zote: mtoto anakohoa mfululizo mpaka anatapika. Hiyo ni picha kamili ya kifaduro. Bakteria wa kifaduro hushambulia utando wa njia ya hewa, na kikohozi chake huweza kuendelea kwa wiki nyingi hata baada ya bakteria kuisha. Mtoto mchanga sana huenda asikohoe kabisa. Anaacha tu kupumua kwa muda na kugeuka rangi. Kukata kimeo hakumgusi bakteria huyo hata kidogo.

Au chukua mtoto anayekohoa usiku wa manane na alfajiri, mchana anacheza vizuri, na kifua kinatoa mluzi: hapo pumu inakuja mbele. Mwenye kukohoa zaidi ya wiki mbili, anayekonda au kuacha kuongezeka uzito, hasa kama nyumbani yuko mtu mzima mwenye kikohozi, lazima apimwe kifua kikuu. Aliyekuwa mzima, akapaliwa ghafla akila karanga au akichezea shanga, na tangu siku hiyo anakohoa, huenda kitu kimekwama kwenye njia ya hewa. Mtoto anayecheua kila akilala, au mwenye makamasi yanayoteremka nyuma ya pua, naye atakohoa. Yote haya nyumbani huitwa kwa jina moja, kimeo, na hapo ndipo tiba inapokosa shabaha.

Kwa haki niseme pia: ipo hali adimu ambapo kimeo ni kirefu kweli, kinalala juu ya ulimi na kusumbua koo. Madaktari wa masikio, pua na koo wanaijua. Vilevile mwaka 1981 daktari Shiro Fujita alieleza, huko Marekani, upasuaji wa kupunguza kaakaa laini pamoja na kimeo kwa watu wazima wanaozibwa pumzi usingizini. Kwa hiyo hospitali yenyewe si kwamba haikati kabisa. Inakata mara chache, baada ya kuyaondoa mashaka mengine yote, kwa ganzi au usingizi, mahali ambapo damu ikitoka ipo namna ya kuizuia.

"Lakini wa jirani alikatwa akapona"

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na haifai kubezwa. Jirani hasemi uongo. Mtoto wake alikohoa, akakatwa, kikohozi kikaisha.

Tazama kalenda. Kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto huchukua wiki mbili, pengine tatu. Wazazi hawaendi kwa mkata kimeo siku ya kwanza. Wanakwenda wamechoka, wiki ya pili au ya tatu, siku chache kabla kikohozi hakijaisha chenyewe. Kisu kinapita, wiki inayofuata mtoto kimya. Sifa inakwenda kwa kisu. Yule ambaye hakukatwa, kikohozi chake kikaisha siku ileile, hana wa kumsimulia, kwa sababu hakuna kilichofanyika. Na yule aliyekatwa akaendelea kukohoa, baadaye akagundulika na kifua kikuu, familia yake haizungumzi sana.

Ndivyo ilivyokuwa London mwaka 1841. Watu walihesabu waliopona wiki ileile, hawakuwafuata walivyokuwa miezi iliyofuata.

Kisu, damu na kinachobaki

Mkata kimeo hutumia kisu kidogo kilichopinda, wembe au uzi, na kijiko au kijiti cha kukandamizia ulimi. Mtoto hushikwa, hakuna ganzi, kisha hupakwa dawa ya unga au ya majani. Wapo wenye mikono myepesi, sikatai. Lakini kooni hakuna mahali pa kubana jeraha kama unavyobana kidole. Damu ikitoka kwa wingi mtoto anaimeza au inaingia mapafuni, na mtoto mdogo hana damu ya kupoteza. Kisu kilichopita kwa mtoto mwingine huweza kubeba homa ya ini B au virusi vya UKIMWI. Jeraha huweza kuingiza pepopunda, au kuota jipu kooni. Na iwapo kaakaa laini limekatwa pamoja na kimeo, sauti inakuwa ya puani na maji yanarudi kwa pua mtoto anapokunywa.

Kimeo chenyewe kina tezi zinazotoa mate mepesi ya kulainisha koo, na husaidiana na kaakaa laini kuziba njia ya pua wakati wa kumeza na kutamka. Wengi waliokatwa kipande kidogo huishi bila shida kubwa, huo nao ni ukweli. Jambo moja ambalo hata wahudumu wengi hawalitaji: kimeo kilichogawanyika ncha mbili huweza kuwa alama ya mpasuko wa kaakaa uliofichika chini ya ngozi laini. Ukikikata, umefuta alama ambayo ingemwongoza daktari.

Hata hivyo hatari ninayoiogopa kuliko damu ni ucheleweshaji. Mtoto mwenye nimonia akipelekwa kukatwa kimeo, siku mbili za kungoja jeraha lipone ndizo siku mbili alizohitaji dawa. Vifo vingine vinavyosemwa ni vya kimeo ni vya ugonjwa uliokuwa chini yake.

Gharama na umbali

Hapa mkata kimeo anashinda, na tusijidanganye. Yuko karibu, anafanya kazi jioni na sikukuu, hana foleni, anazungumza lugha ya nyumbani, anakusikiliza na anakupa jibu moja lenye uhakika. Hospitali inakupa dawa ya kikohozi, inasema rudi baada ya wiki, pengine kipimo kiko wilayani. Mzazi aliyetumia nauli mara mbili bila jibu ana haki ya kukasirika.

Lakini zipo huduma ambazo watu hawajui kuwa ni za bure. Kupima na kutibu kifua kikuu hakulipiwi, Tanzania na Kenya pia. Kwa sera ya Tanzania, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali yamesamehewa malipo. Chanjo ya tano-kwa-moja inayotolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14 inakinga kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini B na bakteria aina ya Hib, ambaye husababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mtoto aliyezikamilisha hawi salama kwa yote, ila baadhi ya magonjwa ambayo zamani yalimpeleka mtoto kwa mkata kimeo yameshapunguzwa makali.

Uchague nini, lini

Mtoto wa zaidi ya miezi miwili, kikohozi hakijafika wiki mbili, anakula au ananyonya, anacheza, hapumui kwa kasi: ngoja. Kungoja kwa mpango maana yake ni kumpa maji au maziwa mara kwa mara, kumsafisha pua, kumwondoa kwenye moshi wa mkaa na sigara, na kuandika kikohozi kilianza tarehe gani. Asali kidogo inatuliza koo, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja usimpe kabisa, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza misuli hadi kushindwa kupumua.

Kikohozi kimevuka wiki mbili, au kinarudi kila mara, au kinakuja na kutapika au kukonda: peleka apimwe. Nenda na kadi ya kliniki. Usiseme tu "ana kimeo", sema kikohozi kilianza lini, kinazidi saa ngapi, anatapika baada ya kukohoa au baada ya kula, nani mwingine nyumbani anakohoa, aliwahi kupaliwa. Majibu ya maswali hayo yanamsaidia daktari kuliko tochi ya kooni. Ukitaka aangalie kimeo, mwombe aangalie. Ni haki yako, na ukimwona amekitazama hata moyo wa bibi utatulia. Akiona kweli ni kirefu kupita kawaida, mwambie akuandikie rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Usingoje hata saa moja kama mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, nyama za chini ya mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, au anapumua kwa kasi. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, kikohozi chochote ni cha kupeleka.

Kukata mtaani sikuwekei wakati wake, kwa sababu sioni hali ambayo njia hiyo inaishinda hizo nyingine mbili. Hata hali ile adimu ya kimeo kirefu kweli, mahali pake ni kwa daktari wa koo.

Najua uamuzi haufanywi na mzazi peke yake. Mama mkwe aliyelea watoto saba hawezi kuambiwa "hayo ni mambo ya kizamani" akakubali, na wala hastahili kuambiwa hivyo. Mwambie: "Mama, nimekusikia. Naomba tumpeleke kwanza apimwe kifua, majibu yakitoka tukae tena." Mwombe aende na ninyi ikiwezekana. Bibi aliyesikia kwa masikio yake daktari akisema ni pumu, akaona mtoto analala usiku mzima baada ya dawa ya kuvuta, ndiye atakayewaambia majirani.

Na kama mtoto ameshakatwa, usijifiche. Mpeleke kituoni hata kama anaonekana mzima, useme ukweli kuhusu siku na kifaa kilichotumika, ili waangalie kama anahitaji chanjo ya pepopunda na kinga nyingine. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI, daktari akiona inafaa, lazima ianze ndani ya saa 72. Mlaze kwa ubavu. Akimeza mate mara kwa mara bila kula, akitapika damu au kitu cheusi, akishindwa kumeza, akipata homa au sauti ikakwama, rudi naye haraka usiku huohuo. Na kile kikohozi kilichompeleka kwa fundi, mwambie daktari kama bado kipo.